Kinga ya Mwili (4): Pungufu, Potofu na Kali

Toleo lililopita tuliishia kwenye seli za CD4 na namna VVU vinavyozimaliza. Leo zamu ni ya kinga ambayo haikupungua, ila imepotoka. Lakini Songea tumetoka kuwakumbuka mashujaa wa Vita vya Majimaji, na Majimaji ikitajwa mimi sinyamazi.

Maji yaliyoanzia kwa Kinjikitile kule Ngarambe, Omari Kinjala akayafikisha Ungoni, yalisemekana kuzuia risasi. Februari 27, 1906, Nkosi Mputa Gama alinyongwa hapa pamoja na wenzake. Nduna Songea Mbano akafuata siku chache baadaye.

Mwaka huohuo, jijini Vienna, daktari wa watoto Clemens von Pirquet alikuwa akieleza habari nyingine ya kinga. Yeye na Béla Schick waliwatazama watoto waliochomwa seramu ya farasi kutibiwa dondakoo. Baada ya sindano ya kwanza, baadhi yao walipata homa, vipele na uvimbe siku ya 8 hadi ya 12. Waliporudiwa sindano baadaye, madhara yaliwahi, pengine siku ileile. Seramu ni ileile. Mwili ndio uliokwisha kuijua, ukaipokea kwa pupa. Huo ndio mzio: pumu nyingi, chafya za vumbi, vipele vya penisilini.

Kuna na kinga inayomshambulia mwenyewe: kwenye lupasi hula ngozi na figo, kwenye baridi yabisi viungo, na kwenye kisukari cha aina ya kwanza huua seli za kongosho zinazotengeneza insulini.

Sasa soma chupa zinazotembezwa stendi: “Huongeza kinga. UKIMWI, pumu, baridi yabisi.” Lebo moja! Mwenye lupasi daktari humpa predinisoloni kuituliza kinga. Cha kuiongeza, hata kingefanya kazi, kingemchochea ugonjwa. Mwaka 2011 tulipanga foleni Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa cha shilingi 500, kilichosemekana kutibu UKIMWI, kisukari na pumu kwa pamoja, na wapo walioacha ARV. Wazee wa Majimaji hawakuwa na maabara ya kupimia maji yao. Sisi tunayo, tunaipita tukienda kununua chupa.

Nimonia za kurudiarudia na utando mweupe mdomoni huelekeza kwenye upungufu; kifua kubana ukifagia, kwenye mzio; vidole vya mikono yote miwili kuvimba na kukakamaa kila asubuhi, kwenye kinga iliyogeuka. Mweleze daktari hivyohivyo, na hiyo chupa uende nayo aione.