Jeraha la Bweni Halitibiwi kwa Kunyamaza

Watu wazima wengi waliolelewa bwenini hawajihesabu kuwa majeruhi. Huamka mapema, hutandika vitanda vyao, hawachagui chakula, na kazini hufika kabla ya wenzao. Tatizo huonekana nyumbani. Huyu mkewe akilia hajui afanye nini, hutoka nje. Yule anampenda mwanawe lakini kumkumbatia kunampa taabu. Mwingine kila uhusiano unapokolea hufungasha virago, asije akaachwa yeye kwanza.

Joy Schaverien, mtaalamu wa tiba ya nafsi wa Uingereza aliyetoa kitabu kuhusu hali hii mwaka 2015, anaieleza kwa mambo manne: kuachwa, kufiwa, kufungiwa na kufa ganzi. Mtoto wa miaka saba anaposhushwa getini na tranka lake hafikirii kwamba wazazi wamejinyima ili asome. Anachokijua ni kwamba jua limezama na mama hayupo. Kwa siku moja amepoteza nyumba nzima, wala hakuna matanga, kwa kuwa hakuna aliyekufa. Kuanzia hapo kengele ndiyo inayomwambia lini ale, lini aoge na lini alale. Akilia anachekwa. Basi hulia ndani ya shuka, na baada ya muda hata huko huacha kulia. Walimu humsifu kwamba amezoea, kumbe amekufa ganzi.

Si kila aliyesoma bweni ana jeraha hili. Wapo waliopata huko marafiki wa kudumu, matroni mwenye huruma, hata usalama waliokosa nyumbani. Umri una uzito mkubwa: wa kidato cha tano anaweza kueleza kinachomsumbua, wa darasa la kwanza hawezi. Ndiyo maana agizo la serikali ya Tanzania la mwaka 2023, la kusitisha bweni kwa watoto wa chini ya darasa la tano, lilikuwa la busara.

Mkristo mwenye jeraha hili hukutana nalo hata katika sala. Mungu kwake ni kama mwalimu wa zamu: anapita kukagua, na heri asikukute na kosa. Mtu huyu huimba kwaya, huketi kwenye kamati tatu, hujitolea kila harambee. Lakini akisikia kwamba Mungu ni Baba, moyo wake hautikisiki, kwa sababu baba anayemfahamu ni yule aliyelipa ada na kuondoka. Anapojaribu kusema, waumini wenzake humwahi: samehe, sahau, wazazi wako walikutakia mema. Ni kweli walimtakia mema. Ni kweli pia kwamba aliumia, na ukweli wa kwanza haufuti wa pili.

Biblia yenyewe haina haraka hiyo. Yusufu alitengwa na nyumba ya baba yake akiwa na miaka kumi na saba. Alipopata cheo Misri na mtoto wa kwanza akazaliwa, alitangaza kwamba Mungu amemsahaulisha nyumba ile. Ndugu zake walipokuja kununua nafaka, ikabainika kwamba hakusahau: alijitenga nao akalia, akanawa uso, akarudi kazini. Aliwapima kwanza, na alipojitambulisha kwao alilia kwa sauti hadi nyumba ya Farao ikasikia. Msamaha wake ulikuja baada ya machozi, na baada ya kulitaja kosa kwa jina: mliniuza. Zaburi nazo zimejaa maombolezo, na ile ya 88 inaishia gizani bila neno la faraja. Aliyefundishwa bwenini kwamba kulia ni aibu anahitaji kujua kwamba kilio kimo katika kitabu cha sala.

Mwandishi C. S. Lewis alifiwa na mama yake Agosti 1908, akiwa na miaka tisa. Mwezi uliofuata alivushwa bahari kutoka Belfast hadi shule ya bweni huko Watford, Uingereza, ambako mwalimu mkuu alikuwa mkatili wa fimbo. Lewis alirudi katika imani ya Kikristo mwaka 1931, akawa mmoja wa watetezi wake wakubwa katika karne ile. Lakini hadi Julai 1963, miezi michache kabla ya kifo chake, ndipo alipomwandikia rafiki kwamba hatimaye ametambua amemsamehe mwalimu yule, baada ya kujaribu kwa miaka mingi. Hesabu hiyo ni zaidi ya miaka thelathini ndani ya imani. Asiyeweza kusamehe kufikia Jumapili ijayo asijione mpungufu wa wokovu.

Ukijiona katika maelezo haya, anza kwa kuandika ulichokiona, bila kukipamba na bila kuwatetea wahusika. Kipeleke mbele za Mungu kama kilivyo, hata kama sala yako itakuwa lawama tupu. Kisha tafuta mtu mmoja, mchungaji, padri au mshauri nasaha, anayeweza kusikiliza bila kuhubiri. Mwenye ndoto za kutisha, hofu isiyoisha au mawazo ya kujidhuru amwone pia daktari wa afya ya akili. Kufanya hivyo si upungufu wa imani. Na kama kulikuwa na kipigo cha kujeruhi au ubakaji, kusamehe hakuzuii kushtaki. Kwa mtoto anayetendewa hayo leo, Tanzania na Kenya zote zina simu ya msaada kwa namba 116.

Nanyi wazazi ambao hamna njia ila bweni, mtoto akirudi likizo msianze na ripoti ya mitihani. Mwulizeni analala karibu na nani na nani humwonea, kisha mnyamaze mumsikilize mpaka amalize.