Kisigino cha Mtoto na Kuchelewa Kwetu

Hapa Bariadi tunawapakia watoto kwenye pikipiki, na mara nyingine mguu mdogo huingia katika spoku za gurudumu la nyuma. Ngozi ya kisigino huchunwa, mfupa ukabaki wazi. Jeraha la namna hiyo haliponi kwa majani ya dawa wala kwa kufungwa kitambaa.

Tiba ipo. Madaktari wa upasuaji huchukua kipande cha ngozi na nyama kutoka shavu la mguu, au upinde wa wayo, kikiwa kimeshikana na mishipa yake ya damu, wakakigeuza kuziba pengo. Kwa kuwa kimekuja na damu yake, kwa kawaida hakifi, na kikipona hustahimili uzito wa mwili. Rufaa yetu ya kanda ni Hospitali ya Bugando, Mwanza.

Wako wanaohofia ibada. Sheria ni nyepesi: maji yakidhuru jeraha, mtu hupangusa juu ya bendeji au hutayamamu, asiyeweza kusimama huswali ameketi.

Kamati yetu iliwahi kumchangia nauli mtoto wa jirani baada ya Swala ya Ijumaa, na alhamdulillahi alirejea akitembea. Lakini tulikuwa tumekwisha kungoja wiki tatu tukimwombea dua bila kumpeleka hospitali, na jeraha likaoza. Dua na tiba ni ndugu. Wazazi wenzetu, msingoje kama tulivyongoja sisi.