Mwizi wa Farasi na Kifungo cha Ng'ambo

Muhula uliopita, katika somo la tafsiri, tuliwapa wanafunzi aya fupi ya Kiingereza kuhusu msichana aliyeiba farasi nchini Uingereza akapelekwa Australia. Daftari nyingi zilirudi zikisema kwamba msichana huyo "alihukumiwa kusafirishwa kwa miaka saba". Sarufi haikuwa na kosa. Lakini msomaji wa Kiswahili angejiuliza: ni safari gani hiyo isiyofika kwa miaka saba? Kahawa husafirishwa, na mizigo husafirishwa. Makala haya yanaeleza adhabu hiyo ilikuwa nini na kwa nini farasi alihusika, kisha yanapendekeza namna ya kuitaja kwa Kiswahili.

Thamani ya farasi

Katika Uingereza ya karne ya 18, farasi ndiye aliyelima, aliyebeba mizigo, aliyevuta magari ya abiria na aliyepeleka barua. Mkulima mdogo aliyempoteza farasi wake msimu wa kulima alikuwa hatarini kupoteza mavuno pia. Kwa upande wa mwizi, farasi alikuwa mali ya aina yake: mali inayojibeba yenyewe, tena inambeba na mwizi. Waswahili husema siku za mwizi ni arobaini, lakini aliyeondoka na farasi usiku, kulipokucha alikuwa ameshafika mbali, mahali ambapo hakuna aliyemjua yeye wala mnyama.

Serikali ilijaribu kuziba mwanya huo. Sheria za mwaka 1555 na 1589 ziliagiza kwamba farasi anayeuzwa mnadani aandikwe kwenye daftari, pamoja na rangi yake, alama zake na jina la muuzaji. Muuzaji asiyejulikana alitakiwa kuja na mtu wa kumshuhudia. Hata hivyo, hapakuwa na jeshi la polisi kama tunalolijua leo. Mara nyingi aliyeibiwa ndiye aliyemsaka mwizi kwa gharama yake mwenyewe, na kutangaza magazetini alama za farasi wake. Kwa kuwa kumkamata mwizi kulikuwa kugumu, watunga sheria walitegemea kitisho. Tangu karne ya 16 mwizi wa farasi alistahili kunyongwa, na adhabu hiyo haikufutwa hadi mwaka 1832.

Kutoka kitanzini hadi merikebuni

Hapa ndipo wanafunzi wengi huchanganyikiwa. Hukumu iliyotamkwa mahakamani na adhabu iliyotekelezwa havikuwa kitu kimoja. Majaji walizunguka miji ya mikoani kusikiliza kesi kubwa. Jaji alitamka adhabu ya kifo, kisha kabla ya kuondoka mjini akaorodhesha wale waliostahili kupata nafuu. Mfalme aliwasamehe kitanzi kwa sharti kwamba wapelekwe ng'ambo, kwa miaka 7, miaka 14, au maisha. Wengine walipewa adhabu hiyo moja kwa moja, bila kupitia hukumu ya kifo.

Mwanzoni walipelekwa Amerika, kwa utaratibu uliowekwa na sheria ya mwaka 1718. Vita vya uhuru wa Marekani, vilivyoanza mwaka 1775, vikaifunga njia hiyo. Magereza yakafurika. Wafungwa wakawekwa ndani ya merikebu kuukuu zilizotiwa nanga katika mto Thames na bandarini, zisizokwenda popote.

Ndipo serikali ilipoigeukia Australia. Tarehe 13 Mei 1787 merikebu 11 ziling'oa nanga Portsmouth. Zilipitia Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa bara letu, zikapakia mifugo pamoja na farasi wachache, zikafika Januari 1788. Kwa hiyo farasi wa kwanza wa koloni hilo walifika katika msafara uleule wa wafungwa. Kuanzia mwaka huo hadi 1868, wafungwa wapatao 162,000 walipelekwa Australia, wengi wao kwa makosa ya wizi wa namna mbalimbali.

Walikopelekwa hakukuwa jangwa lisilo na wenyewe. Wakazi wa asili walikuwa wameishi huko kwa makumi ya maelfu ya miaka. Dola iliyomhukumu mtu kwa sababu ya farasi mmoja iliitwaa nchi nzima bila mkataba wala malipo. Mwalimu anayefundisha habari hii asiiache sehemu hiyo nje.

Msichana aliyejiita James

Msichana wa aya yetu ni Mary Haydock, aliyezaliwa Bury, Lancashire, mwaka 1777. Alikamatwa na farasi wa wizi akiwa bado mtoto, amevaa nguo za kiume na kujiita James Burrow. Ilipogunduliwa kwamba ni msichana, jina lilibadilika lakini kosa likabaki palepale. Alihukumiwa miaka saba katika mji wa Stafford.

Alifika Sydney Oktoba 1792 kwa merikebu iliyoitwa Royal Admiral, akapewa kazi ya uyaya katika nyumba ya ofisa wa jeshi. Mwaka 1794 aliolewa na Thomas Reibey, wakafanya biashara ya duka na vyombo vya baharini. Mume alifariki mwaka 1811 na kumwachia watoto saba. Mary aliiendesha biashara peke yake, akawa miongoni mwa matajiri wa koloni. Alifariki mwaka 1855. Tangu mwaka 1994 picha yake imo katika noti ya dola 20 ya Australia.

Lakini tazama jambo hili. Katika sensa ya mwaka 1828, alipotakiwa kueleza hadhi yake, Mary alijibu kwamba alikuja akiwa mtu huru mwaka 1821. Hakusema uongo mtupu. Mwaka 1820 alikuwa amekwenda kuitembelea Uingereza pamoja na binti zake, na aliporudi mwaka uliofuata hakuwa mfungwa wa mtu. Alichofanya ni kuchagua safari ya kutaja. Adhabu ilikuwa imekwisha miaka mingi, mali alikuwa nayo, na bado ile safari ya kwanza ilimwia nzito kuiandika.

Tusemeje kwa Kiswahili?

Sasa turudi darasani. "Kusafirishwa" kunaficha adhabu, na kumfanya Mary kuwa abiria. "Uhamisho" ni neno ambalo walimu wanalijua vizuri mno: barua inakuja, unafungasha, unaripoti kituo kipya. "Kupelekwa uhamishoni" kunakaribia, lakini msikilizaji wetu huwakumbuka Kabaka Mwanga na Mukama Kabalega, waliokamatwa mwaka 1899 na kupelekwa Shelisheli. Hao walikuwa watawala walioshindwa vita. Hawakuhukumiwa kwa wizi wala kupewa idadi ya miaka.

Adhabu ya akina Mary ilikuwa na sehemu nne: hukumu ya mahakama, muda maalumu, kazi ya lazima, na bahari katikati. Wengi hawakufungiwa chumbani. Walifanya kazi mashambani na majumbani, na waliokuwa na mwenendo mzuri waliweza kupewa cheti cha kujitafutia riziki. Ukuta wao ulikuwa bahari, na hadi mwaka 1834 aliyerejea Uingereza kabla ya muda wake aliweza kuhukumiwa kifo.

Kwa sababu hizo napendekeza "kifungo cha ng'ambo". Neno kifungo linabeba hukumu na idadi ya miaka; ng'ambo inaleta bahari. Jaribu: "Msichana huyo alihukumiwa kifungo cha ng'ambo cha miaka saba kwa kuiba farasi." Msomaji hatauliza tena ni safari gani. Mwenye neno bora zaidi atuandikie, tulijadili katika toleo lijalo.