Paka wa Nyumba Haingwa

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya paka. Huenda mmoja wenu anacheka huko aliko na kusema, "Je, kasisi amekosa neno?" La, hatukukosa. Twaomba mtuvumilie kwa dakika hizi chache, kwa maana jambo lenyewe limetugusa sisi kwanza, tena kwa aibu.

Miaka michache iliyopita paka jike alizaa katika ukumbi wa kanisa letu hapa pwani, nyuma ya kabati la vitabu vya nyimbo. Watoto wake walikuwa wanne. Arusi ilikuwa imekaribia, na ukumbi umeanza kunuka. Baraza la parishi likakutana. Habari ya paka haikuchukua hata dakika tano; tukakata shauri watolewe. Mtunza kanisa akawatia wote katika gunia, akapanda nao matatu, akawaacha karibu na soko moja lililo mbali. Sisi tulijiona watu wa huruma. Hatukuwapa sumu, hatukuwapiga mawe, na sokoni, tulisema, hakukosi vichwa vya samaki.

Jumapili iliyofuata watoto wa shule ya Jumapili wakauliza, "Wale paka wadogo wako wapi?" Hatukuwa na la kuwajibu. Siku ya tisa mama yao akarudi, peke yake. Alikuwa amekonda, na mguu mmoja una jeraha. Akaenda moja kwa moja nyuma ya kabati, akalia. Alilia pale siku mbili, na siku ya pili ilikuwa siku ya ibada.

Wazee wa pwani wana methali isemayo, paka wa nyumba haingwa. Kuinga ni kufukuza kwa kelele, kama tunavyoinga ndege shambani. Majirani zetu Waislamu nao wana mapokeo juu ya mwanamke aliyehukumiwa kwa sababu alimfungia paka asimpe chakula wala asimwache ajitafutie. Na sisi tunayo Mithali 12:10, ambapo mtu mwenye haki anatambuliwa kwa namna anavyomwangalia mnyama wake. Mstari huo tumeuhubiri mara nyingi tukifikiri ng'ombe na punda tu. Ni kweli kwamba paka wa nyumbani hatajwi katika vile vitabu 66. Yumo katika Barua ya Yeremia, akikaa juu ya sanamu za Babeli, lakini hicho ni kimoja katika vile vitabu ambavyo kanisa letu huvisoma kwa mafundisho ya mwenendo bila kuvitumia kuthibitisha imani. Tusijifiche nyuma ya hesabu hiyo.

Sasa, paka huyu alitoka wapi? Wataalamu wamechunguza damu ya paka wa duniani, wakaona kwamba wote wametokana na paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati. Watu walipoanza kulima na kuweka nafaka ghalani, panya walikuja, na paka akawafuata panya. Katika kisiwa cha Kipro, kile alikotoka Barnaba, mwaka 2004 ilitangazwa habari ya kaburi la miaka kama 9,500, ambamo mtu amezikwa na paka karibu naye. Basi urafiki huu ni wa zamani sana. Paka tunayemwita wa mitaani si mnyama wa porini aliyepotea njia akaingia mjini. Yeye, au mama yake, au bibi yake, aliwahi kuwa na nyumba.

Pwani twamwita paka wa namna hiyo shume, naye ni mkali, hashikiki. Lakini ukali huo una sababu yake. Mtoto wa paka akishikwa na kuchezewa na watu kati ya wiki ya pili na ya saba ya maisha yake, huwa mpole. Wiki hizo zikipita hajaguswa na mtu, hofu humkaa, na kumfuga baadaye ni kazi ngumu. Kwa hiyo mkiona paka mtaani anayewajia na kujisugua miguuni, huenda huyo alilelewa ndani ya nyumba na mtu amemtupa. Ulizeni kwanza kwa majirani, kisha mtafutieni nyumba. Yule anayekimbia hana haja ya kufungiwa chumbani. Msaada wake ni wa namna nyingine, nasi tutaufikia.

Kwanza tuwaangalie paka walio nyumbani mwetu, kwa kuwa hao wa mitaani hutoka kwetu. Wengi wetu humpa paka ugali mkavu na kumwambia akatafute panya. Paka si kama mbwa. Mwili wake hauwezi kukaa bila nyama au samaki. Dagaa kidogo au vichwa vya samaki vikichanganywa na ugali vinafaa, ila mifupa iliyopikwa iondolewe. Maziwa ya ng'ombe, ambayo sote twadhani ndiyo chakula chake, huwaharisha paka wengi wakubwa. Maji safi ndiyo yanayompasa kila siku. Vitunguu ni sumu kwake. Na hapa twaomba msikie vizuri: msimpe paka mgonjwa dawa ya maumivu ya watu, ile ya paracetamol. Hata kidonge kimoja chaweza kumwua. Dawa ya viroboto ya mbwa nayo nyingine huua paka. Muulizeni daktari wa mifugo kwanza. Tena mkiweka sumu ya panya, paka akamla panya yule, naye yumo hatarini.

Chanjo ya kichaa cha mbwa si ya mbwa peke yake. Paka apewe afikishapo miezi mitatu, na irudiwe kama daktari atakavyoagiza. Mtu akiumwa au kuparuzwa na paka asiyejulikana, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Asingoje aone dalili, kwa kuwa dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Mama mjamzito asisafishe mavi ya paka. Kazi hiyo ifanywe na mwingine, tena kila siku. Hakuna sababu ya kumfukuza paka kwa ajili ya mimba.

Twarudi kwa jambo lililotuponza. Paka jike aweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, yeye mwenyewe akiwa bado mtoto. Huichukua siku 63 hivi, na aweza kushika nyingine angali ananyonyesha. Katika nchi za baridi hupumzika wakati mchana ni mfupi. Huku kwetu karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hukaribiana mwaka mzima, hana majira ya kupumzika. Basi mwenye paka mmoja asiyefungwa uzazi, mwakani atakuwa anatafuta gunia.

Na gunia halisaidii. Mwezi haukuisha tangu tuwatupe wale wanne, paka wawili wageni walikuwa wamekwisha ingia ukumbini, kwa sababu shimo letu la takataka lilikuwa wazi, na chakula kilichomleta wa kwanza kilikuwapo bado. Ndivyo ilivyo kila mahali: ukiondoa paka ukaacha chakula, wengine huja kujaza nafasi, nao huzaa.

Tulikwenda kwa daktari wa mifugo, akatufundisha njia nyingine. Alituazima mtego wa sanduku la waya. Jioni paka hawapewi chakula. Asubuhi samaki huwekwa ndani ya mtego, na paka akinaswa, mtego hufunikwa kwa kitambaa ili giza limtulize. Jike hufungwa uzazi, dume huhasiwa, wote huchanjwa, na ncha ya sikio la kushoto hukatwa kidogo angali amelala kwa dawa, ili ajulikane hata kwa mbali. Kisha hurudishwa pale pale alipokamatwa. Wanaobaki hawaongezeki, madume hayapigani usiku kucha, na wageni hawapati nafasi kwa urahisi. Walio Nairobi waweza kuuliza kwa chama cha KSPCA, ambacho kimefanya kazi ya kutunza wanyama kwa miaka mingi.

Katika baraza mzee mmoja alipinga, akasema, "Kuna yatima wangapi katika parishi hii, nasi twatoa fedha kwa paka?" Hatukulipuuza neno lake, wala hata leo hatulioni kuwa neno dogo. Tulikubaliana kwamba senti isitoke katika mfuko wa wahitaji. Akina mama wakachanga wao wenyewe, na gharama ya paka watatu ikawa chini ya ile ya maua ya arusi ile.

Yule mama paka angali yupo, sikio lake limekatwa ncha, na hulala katika ngazi za ukumbi. Hakubali kuguswa na mtu mzima yeyote, sisi tukiwamo. Shimo la takataka limefunikwa, na kijana mmoja wa shule ya Jumapili hujaza kopo la maji. Juma lililopita ameonekana dume mpya, mkubwa, mwenye jicho moja, masikio yake mazima yote mawili. Mtego tumekwisha uomba, utaletwa Jumanne.