Ukavu Baada ya Hedhi Kukoma Una Tiba

Kwa desturi ya Waluguru, binti akivunja ungo aliwekwa ndani akafundwa kuhusu mwili wake. Akifika miaka hamsini na hedhi ikakoma, hana wa kumfunda tena. Kihonda, mjini Morogoro, kuanzia Magorofani hadi kando ya barabara ya Dodoma, wapo wajane na watalaka wa umri huo wanaojitegemea. Mmoja akipata mwenzi, tendo la ndoa linamuuma. Anajiambia zama zake zimepita, ananyamaza.

Chanzo cha maumivu hayo kilianza kueleweka mwaka 1923 huko St. Louis, Marekani. Edgar Allen na Edward Doisy walichukua majimaji ya ovari za nguruwe waliochinjwa, wakawadunga panya walioondolewa ovari. Walipochukua seli za uke wa panya hao na kuzitazama kwa hadubini, waliona dalili kwamba kuta zilizokuwa zimesinyaa zimenenepa upya. Kilichozinenepesha ndicho tunachokiita leo estrojeni.

Kwa mwanamke ni vivyo hivyo. Hedhi ikikoma, estrojeni hushuka. Ukuta wa uke huwa mwembamba, ute hupungua, na bakteria wanaoulinda hupungua pia. Ndipo huja michubuko na maambukizi ya mkojo yanayojirudia. Majoto ya ghafla ya kipindi hicho hupoa kwa wengi kadiri miaka inavyokwenda. Lakini ukavu mara nyingi hauondoki bila tiba. Si dalili kwamba mapenzi yamekwisha.

Kilainishi cha maji husaidia wakati wa tendo. Ukavu ukizidi, daktari anaweza kuandika estrojeni ya kuweka ukeni kwa kipimo kidogo. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti amwambie kwanza. Sabuni, ndimu na shabu ziachwe, maana zinazidisha ukavu. Na damu ikitoka baada ya mwaka mzima bila hedhi, nenda hospitali bila kuchelewa.

Hofu ya mimba imekwisha, lakini VVU ipo, na mchubuko huifungulia njia. Tumieni kondomu, wala msiipake mafuta. Utafiti wa mwaka 1989 ulionyesha kwamba kondomu ya mpira ikiguswa na mafuta ya madini kwa dakika moja tu, hupoteza takriban asilimia 90 ya uimara wake.

Nesi anayempima presha mama wa umri huu amuulize pia kuhusu maumivu ya tendo, bila kujali kama ana mume. Asipoulizwa, mama aseme mwenyewe: ni ugonjwa kama mwingine, na tiba yake ipo.