Treni za Addis Ababa na Maneno ya Abiria Wake

Tarehe 20 Septemba, 2015, mji mkuu wa Ethiopia ulifungua njia ya kwanza ya treni zake za umeme, iendayo kutoka upande wa kaskazini wa mji hata Kality kusini. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule ikafuata njia ya pili, itokayo Ayat, mashariki, hata Tor Hailoch, magharibi. Njia hizo mbili zina urefu wa kilomita zipatazo 32 kwa jumla na vituo 39, na katikati ya mji hupita pamoja juu ya reli zile zile. Hapakuwa na mji mwingine kusini ya Sahara uliokuwa na reli nyepesi ya mjini ya namna hiyo. Waafrika wengi walijivunia jambo lile, wala hawakukosea.

Kazi ilifanywa na kampuni ya Kichina kwa gharama ya dola milioni 475 za Kimarekani, na katika kila dola 100 za gharama hiyo, 85 zilikuwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Zililetwa treni 41, kila moja yenye uwezo wa kuchukua abiria 286. Nauli iliwekwa kuwa birr 2 kwa safari fupi na birr 6 kwa safari ndefu. Birr mbili za wakati ule zilikuwa kama senti kumi za dola, na kwa fedha hizo mchuuzi wa Merkato, mfanyakazi wa kiwandani na mwanafunzi waliweza kufika waendako bila kumenyana na foleni ya magari.

Basi ndugu msomaji, hayo ndiyo yaliyoandikwa siku ya sherehe. Yanayosemwa na abiria wenyewe, baada ya chombo kuzoeleka, ni mambo mengine, na ndiyo tunayotaka kuyatazama leo.

Neno la kwanza la abiria wa Addis Ababa ni kungoja. Waethiopia huhesabu saa kama sisi, tangu kucha hata kuchwa, kwa hiyo saa moja asubuhi yao ni saa moja yetu; na saa hiyo ndiyo saa ya taabu. Mtu hufika kituoni na tiketi yake mkononi, treni ikaja imeshiba, akaiacha. Ikaja ya pili, nayo hali ni ile ile. Anayefaulu kuingia husimama amebanwa kifua kwa mgongo hata mwisho wa safari. Na penye msongamano wa namna hiyo mkono wa mwizi huwa na kazi rahisi, na mwanamke au binti hukosa mahali pa kujitenga na mtu asiye na adabu. Yafaa lisemwe waziwazi kwamba askari wa kulinda kituo hawezi kuyaona yanayotendeka ndani ya behewa lililojaa hivyo. Dawa ya kwanza ya wizi na uchokozi ndani ya treni ni nafasi ya kupumulia.

Kwa nini nafasi imekosekana? Ilipofika mwaka 2022, treni zilizokuwa zikifanya kazi zilikuwa chini ya nusu ya zile 41. Nyingine zilikuwa zimelazwa karakana zikingoja vipuri. Wala hazikuwa kuukuu, maana hata miaka kumi zilikuwa hazijafikisha, na treni ya namna hii hutengenezwa ili itumike miaka 25 au 30.

Tuchukue hesabu ya mfano tu. Ikiwa treni yahitaji saa mbili kwenda na kurudi katika njia yake, na treni 20 zipo kazini, abiria ataona treni moja kila dakika sita. Zikipungua zikawa nane, atangoja dakika 15. Lakini madhara hayaishi hapo. Watu waliokusanyika kwa dakika 15 ni zaidi ya mara mbili ya wale wa dakika sita. Watachukua muda mrefu zaidi kupanda na kushuka. Mmoja atazuia mlango kwa bega ili mwenziwe aingie. Na treni hizi zimeundwa hivi, kwamba haziondoki mpaka kila mlango umetoa ishara ya kufungwa. Bega moja lasimamisha watu mia tatu. Treni huchelewa, kituo cha mbele huzidi kujaa, na uchelewevu huzaa uchelewevu. Milango inayosukumwa na kuzuiwa kutwa huharibika upesi, na treni ikiharibika mlango huondolewa njiani. Hapo zile nane zimekuwa saba.

Gurudumu la treni ni chuma kinachosaga chuma. Huliwa kidogo kidogo, hupoteza umbo lake la duara, na kila baada ya mwendo fulani hapana budi lichongwe upya kwa mashine, na baada ya kuchongwa mara kadhaa litupwe na kuwekwa jipya. Breki nazo ni hivyo hivyo. Mambo haya hayana ajabu wala hayakuja ghafula. Fundi ayajua tangu siku treni iliposhushwa melini. Lakini gurudumu jipya hununuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni, na abiria hulipa kwa birr, tena birr chache. Nchi ikipungukiwa na fedha za kigeni, dawa za hospitali, mafuta na mbolea vyote vyadai kutangulia, na gurudumu la treni hukaa nyuma ya foleni.

Wapo wasemao kwamba kosa ni nauli ndogo, na kwamba ingepandishwa mambo yangetengenea. Sisi hatukubaliani nao moja kwa moja. Reli ya mjini katika sehemu nyingi za dunia hailipiwi na nauli peke yake, na nauli ndogo katika mji wa watu maskini ni jambo la haki. Lakini serikali iwekapo nauli ya chini imeahidi mambo mawili kwa pamoja: kwamba mwananchi atalipa kidogo, na kwamba kinachopungua kitalipwa na hazina kila mwaka bila kukosa. Ikitimiza la kwanza na kulisahau la pili, mwananchi atalipa tu. Atalipa kwa dakika zake kituoni, kwa mshahara uliokatwa kwa sababu ya kuchelewa, na kwa kurudi kwenye basi dogo ambalo nauli yake ni kubwa kuliko ile iliyotakiwa kumwokoa.

Hatuna haja ya kwenda mbali kupata mfano mwingine. Abiria wa Kimara, Dar es Salaam, ayajua maneno haya tangu mabasi ya mwendo wa haraka yalipoanza mwezi wa Mei, 2016; naye pia alifurahia mwanzo, kisha akajifunza kuhesabu mabasi yaliyopungua. Na Addis Ababa wenyewe walikwisha pata funzo. Kituo kimoja cha katikati ya mji huitwa Leghar, jina lililobaki kutokana na maneno ya Kifaransa ya stesheni ya reli ya zamani ya Djibouti, iliyofika mjini humo mwaka 1917. Reli hiyo ilikosa matunzo, ikachakaa, na treni zake zikaacha kufika Addis Ababa miaka michache tu kabla ya hii ya umeme kujengwa.

Neno la pili la abiria ni la usalama, na hapa wasemao si wale walio ndani ya treni tu. Sehemu kubwa ya reli hii yapita juu ya ardhi katikati ya barabara pana, imezungukwa na ukuta mfupi na uzio. Mtaa uliokuwa mmoja umegawanyika pande mbili. Mama aliyezoea kuvuka hatua thelathini kwenda sokoni sasa hana budi kutembea hata kwenye daraja au kivuko, avuke, kisha arudi mwendo ule ule upande wa pili. Watu wengine huruka uzio. Ni rahisi kuwaita wajinga. Lakini mtu mwenye mzigo kichwani na mtoto mgongoni hapimi umbali kwa ramani ya mhandisi.

Naye hajui kwamba treni si motokaa. Haiwezi kumkwepa mtu, maana imefungwa na reli. Na treni iendayo kilomita 70 kwa saa, ambao ndio mwendo wake wa juu kabisa, kwa breki za kawaida huhitaji zaidi ya mita 150 kabla ya kusimama. Tena treni ya umeme haina kishindo cha gari moshi. Magari nayo yamepata kuuvunja ukuta ule na kuangukia njiani, na siku ya ajali kama hiyo maelfu ya watu hukatiwa safari kwa sababu ya dereva mmoja.

Miji tajiri nayo imepatwa na hayo. Houston, nchini Marekani, ilifungua reli yake nyepesi tarehe 1 Januari, 2004, na katika mwaka ule wa kwanza treni ziligongana na magari makumi kwa makumi, kwa sababu madereva walikata kona mbele ya treni bila kutazama. Wakubwa wa mji walianza kwa kuwalaumu madereva. Baadaye walibadili taa za barabarani, hata katika njia panda kadhaa taa zote zikawa nyekundu treni ikaribiapo.

Addis Ababa haihitaji mashine za ajabu kwa jambo hili. Mahali watu wanaporukia uzio panajulikana, palivyokanyagwa hapafichiki. Hapo ndipo pa kuweka kivuko chenye lango, taa na mlinzi, badala ya kuongeza urefu wa uzio. Na katika vituo vilivyo juu ya nguzo, ambako lifti na ngazi za umeme zimekuwa zikikaa siku nyingi bila kufanya kazi, mtu asiyeweza kutembea hufika chini ya kituo akaisikia treni ikipita juu ya kichwa chake. Kutengeneza lifti hizo hakungojei mkopo wa milioni mia nne. Kwangojea fundi, kipuri, na mtu mmoja ofisini ambaye kazi yake ni kuulizwa kila asubuhi ngapi zimeamka nzima.