Fahamu: Nani huliamuru gari la zimamoto mkoani?

Ukipiga 114 Tanzania Bara unaita Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, chombo cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, si halmashauri kama ilivyokuwa zamani. Juu yupo Kamishna Jenerali, na kila mkoa una kamanda wake, chini ya sheria ya mwaka 2007. Kenya ilishika njia nyingine: Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti kazi hiyo.

Wapo wanaosema Kenya ndiyo iliyopatia, kwa kuwa moto ni wa mtaani na diwani ndiye anayeujua mtaa. Hoja ina uzito, ila kaunti yenye mapato kiduchu itanunua gari kwa fedha gani? Amri moja, kama ya Bara, hurahisisha mkoa kusaidiwa na jirani bila barua za kubembelezana. Kinachoikwaza, naona, ni maji na njia. Tangi likikauka katikati ya kazi, askari hutafuta haidranti, na bomba linaloilisha ni la mamlaka ya maji. Vibanda vilivyoziba uchochoro viko chini ya halmashauri. Kamanda ana cheo, mpira na ngazi. Bomba na barabara si vyake.